Somo: Kufunga mwamba wa pweza, kuanzia kikao cha kwanza hadi siku ya kufungua

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Somo hili ni la vijiji vya pwani vinavyotaka kufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kufungua na kuvua kwa pamoja. Nimelipanga kwa hatua, na maswali yenu nimeyajibu mwishoni. Neno moja mapema: kufunga si kazi ngumu. Vijiji vingi hufunga vizuri sana, halafu huharibikiwa siku ya kufungua. Kwa hiyo mtaona hatua ya sita imekuwa ndefu kuliko nyingine zote, nami nawaomba msiiruke.

Bahari ya mbele ya kijiji ni ya wote. Kitu cha wote kisipowekewa utaratibu, mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata, basi kila mtu anakimbilia kuwahi. Mama anamwona pweza mdogo wa gramu mia tatu shimoni. Anajua kabisa kwamba akimwacha mwezi mmoja tu atakuwa na nyama mara mbili. Lakini anajua pia kwamba nyuma yake anakuja mwenzake na kijiti chake, na nyuma ya huyo yupo mwingine. Atamwachia nani? Anamtoa. Tusimwite mlafi. Hana uhakika tu kwamba akiacha yeye, na wenzake wataacha. Kufunga mwamba ni makubaliano ya kuuleta uhakika huo.

Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, mfano unaotajwa zaidi ni wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi wa Kivezo, watu wa pwani hiyo, walifunga mwamba mmoja uitwao Nosy Fasy kwa miezi saba. Vijiji jirani viliona, vikaiga. Mafungo 36 ya aina hiyo yalifuatiliwa kati ya 2004 na 2011, na katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, alichopata mvuvi mmoja kwa siku kilikaribia kuwa maradufu. Tangu hapo utaratibu huu umefika kisiwa cha Rodrigues kule Mauritius, Kisiwa Panza kule Pemba, Pate kule Lamu, na sehemu kadhaa za pwani ya Tanzania Bara.

Kwanza mjueni mnayemfungia

Pweza wa mwambani, yule ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, ana maisha mafupi mno. Mwaka mmoja, mwaka na nusu hivi, amekwisha. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ambayo samaki wengi hawaifikii: akiwa bado mdogo, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya mwezi. Pigeni hesabu wenyewe. Pweza wa nusu kilo, akipewa miezi miwili ya kasi hiyo, ni wa kilo mbili. Hata mkiwapoteza baadhi yao kwa mikunga na maadui wengine, waliobaki watafidia.

Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Hujificha ndani ya shimo, akajizibia mlango kwa mawe, akakaa na mayai yake bila kula kwa kiasi cha mwezi mmoja, akiyapulizia maji na kuyasafisha. Yakianguliwa, naye anakufa. Watoto hupanda juu ya maji na kuelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka kwenye mwamba, na mwamba huo si lazima uwe wenu.

Maisha haya mafupi yanatupa mambo mawili ya kuzingatia. Faida mtakayoiona kwa macho yenu inatokana na pweza kukua. Faida ya mayai inatawanyika, mnawapa majirani na majirani wanawapa ninyi. Tena, msifunge mwaka mzima kwa nia ya kuja kuvua. Wengi wa wale mliowafungia watakuwa wamekwisha kufa kwa uzee wao. Miezi miwili hadi mitatu inatosha kwa lengo hili.

Hatua ya 1: Kaeni na wanaochokoa

Kabla ya afisa uvuvi, kabla ya mwenyekiti wa kijiji au sheha, kabla ya shirika lolote, kaeni na watu wanaoutegemea mwamba wenyewe, wanaochokoa pweza mashimoni kwa vijiti. Katika vijiji vingi hao ni akina mama wanaotembea kwa miguu maji yakikupwa, na vijana wapiga mbizi wenye miwani. Maslahi yao hayafanani. Mpiga mbizi mwamba wa karibu ukifungwa atapanda ngalawa aende wa mbali. Mama wa miguu hana pa kwenda, na nyumbani ameacha mtoto na chungu.

Nimeona vikao ambamo mwamba ulichaguliwa na wanaume waliokuwa hawauvui. Walichagua ule wa karibu na kijiji kwa sababu ni rahisi kuulinda. Akina mama walikaa nyuma, hawakusema neno, na wiki ya tatu walikuwa mwambani na vijiti vyao. Nani wa kuwalaumu? Fanyeni kikao cha akina mama peke yao kwanza, wakati ambao si wa bamvua (siku ambazo maji hukupwa sana) ili wawepo, na watoke na pendekezo lao kwa maandishi.

Hatua ya 2: Chagueni mwamba

Mwamba mzuri wa kufunga una sifa tatu. Una pweza wadogo wengi, maana mwamba uliokufa haufufuki kwa miezi mitatu. Unaonekana kutoka ufukweni au kutoka njia wanayopita watu kila siku. Na ukifungwa, miamba mingine inabaki ya kutosha kulisha watu. Mimi hushauri fungo la kwanza lisizidi robo ya eneo mnalochokoa. Vijiji vyenye pupa hufunga nusu ya bahari yao, njaa ikaingia, makubaliano yakavunjika yote.

Mipaka itajwe kwa alama ambazo hata mtoto anazijua: kutoka mlango wa maji fulani hadi jiwe fulani, ukiwa na mkoko fulani nyuma yako. Vipimo vya simu viandikwe kwenye karatasi ya serikali, lakini mwambani watu huangalia jiwe.

Hatua ya 3: Chagueni miezi

Angalieni upepo na kalenda ya kijiji kwa pamoja. Kwenye miamba inayopigwa na kusi, kuna wiki nyingi ambazo watu hawatoki vizuri hata bila fungo. Kufunga wakati huo hakuumizi sana. Msifunge mkaangukia wiki za kuelekea Idi au Januari ya sare na madaftari. Mkiweza, fungueni kabla ya hapo, ili pesa ije inapohitajika.

Siku ya kufungua iangukie bamvua, na bamvua kubwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na mwamba unabaki wazi kwa saa kadhaa. Mama wa miguu anafika. Mkifungua maji mafu, mwamba uko chini ya maji, na aliye na miwani na ngalawa atavuna peke yake kile ambacho wote walikisubiri. Hilo limewahi kutokea, na fungo la pili halikupata mtu wa kuliunga mkono.

Hatua ya 4: Ipeni nguvu ya sheria

Makubaliano ya mdomo yanawafunga mnaojuana. Hayamfungi mvuvi aliyekuja kupiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, kutoka wilaya nyingine, ambaye ana leseni yake na ana haki ya kuvua.

Tanzania Bara mlango ni BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa ufukwe wao, chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za 2009. BMU huandaa pendekezo, halmashauri ya kijiji hulijadili, mkutano mkuu wa kijiji hulipitisha, kisha sheria ndogo hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio yenye sahihi ni lazima. Bila hivyo karatasi zitarudi. Kwa walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, washirikisheni wahifadhi tangu mwanzo kwa sababu maeneo yamegawanywa kwa matumizi tayari.

Zanzibar mnapitia kamati ya uvuvi ya shehia na sheha, kwa Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010. Kenya ni BMU pia, kwa kanuni za 2007 na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na ofisi ya uvuvi ya kaunti mnaihitaji.

Adhabu zipande ngazi kwa ngazi. Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichambua malisho ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, mifereji ya Hispania na Ufilipino, akaona jambo hilo likijirudia: mali ya wote iliyodumu ina kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu inayoanza ndogo. Kwa mwamba, mimi napendelea hivi. Kosa la kwanza, onyo mbele ya kamati na pweza wanachukuliwa. La pili, faini. La tatu, mhusika hashiki kijiti siku ya kufungua. Hili la tatu linauma kuliko faini yoyote, kwa kuwa kijiji kizima kitamwona amekaa ufukweni.

Hatua ya 5: Alama na doria

Maboya yanayoonekana, hata madumu ya njano yaliyofungwa kwenye mawe, yanatosha. Tangazo misikitini, sokoni na dikoni, na barua kwa vijiji jirani kabla hamjafunga.

Doria ya boti ni gharama ya mafuta, na mafuta yakiisha doria inakufa. Anzeni na macho ya ufukweni: wakulima wa mwani wako majini saa zile zile za kupwa, wazee wako barazani, watoto wako ufukweni. Doria ya boti iwekeni kwa bamvua tu. Maji ya usiku nayo hukupwa kama ya mchana, mnamo saa nne, na mwizi wa saa hizo anajitangaza mwenyewe kwa tochi yake. Wekeni watu wawili wawili kwa zamu, wa koo tofauti, ili mtu asimwone shemeji yake akageuza uso.

Hatua ya 6: Siku ya kufungua

Hapa nawaomba umakini wenu wote.

Habari za fungo husafiri. Siku hiyo watakuja watu ambao hamjawahi kuwaona, kwa ngalawa, kwa pikipiki, na wakala wa pweza watakuja na majokofu yao. Miezi mitatu ya subira inaweza kumalizwa kwa saa tatu, na mwamba wenyewe ukavunjwavunjwa na miguu na mitarimbo. Madagaska walilipitia hili katika mafungo ya mwanzo: umati mkubwa, mwamba mmoja. Walirekebisha kwa kufungua miamba kadhaa siku moja ili watu watawanyike, na kwa kuzitilia nguvu kanuni zao za kijadi ziitwazo dina.

Mambo ya kukubaliana kabla, kwa maandishi:

Nani anaingia. Wenyeji walioshika doria ndio wa kwanza. Jirani anakaribishwa, lakini kwa idadi inayojulikana na kwa kujiandikisha. Msimfukuze jirani moja kwa moja; mwamba wake ndio unaopokea watoto wa pweza wenu, na wake wanakuja kwenu.

Wanaingia lini. Watu wote wakusanyike ufukweni, waandikwe, na filimbi ipigwe na mtu mmoja tu. Asiwepo wa kutangulia, hata mwenyekiti. Ningeshauri akina mama wa miguu watangulie maji ya siku ya kwanza, wapiga mbizi waingie siku ya pili. Kijiji kitakachokubali hili kitakuwa kimewalipa wale waliobeba uzito mkubwa wa fungo.

Wanatumia nini. Kijiti au nondo nyembamba ya kuchokolea, basi. Mitarimbo ya kupindua matumbawe iachwe nyumbani. Utupa, ile sumu ya mmea, na dawa za kufulia zinazomwagwa shimoni ni marufuku kabisa, na mwenye kukutwa nazo apelekwe kwa sheria, asisamehewe na kamati.

Wanaacha nini. Kanuni za Tanzania Bara zinakataza pweza chini ya gramu 500, na huo ni mpaka mzuri hata kwa wengine. Na jike aliye kwenye mayai aachwe. Mchokoaji mzoefu anamjua. Shimo la pweza anayewinda lina takataka mlangoni: magamba ya kaa, vipande vya makombe, vingine bado vibichi. Shimo la mama mwenye mayai limezibwa kwa mawe kutoka ndani, na makombe mapya hayapo kwa kuwa hali. Ukimgusa kwa kijiti harukii kukishika; anajikunja nyuma zaidi. Ngozi yake imefifia, mwili umekonda. Nyama yake ni ndogo, hamna mtakachopoteza kwa kumwacha. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyechokoa tangu utotoni, apewe kazi ya kuwaonyesha vijana alama hizi siku moja kabla, kwenye mwamba mwingine.

Wanauza vipi. Bei ikubaliwe na wanunuzi zaidi ya mmoja wiki moja kabla, na iandikwe ubaoni. Pweza wakiwa wengi kwa siku moja, wakala akiwa peke yake atateremsha bei saa sita mchana, jua kali, barafu imeisha, na mtauza tu. Kagueni mizani kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kama mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, mbele ya watu. Ushuru wa kijiji ukatwe pale pale kwa kilo, stakabadhi itolewe, na jioni ile ile jumla isomwe hadharani.

Mwamba ukishafunguliwa, msiuache wazi ovyo. Bamvua moja au mbili za kuvua, kisha kikao: tunafunga tena lini?

Hatua ya 7: Andikeni

Daftari moja, kalamu moja. Bamvua ya mwisho kabla ya kufunga, pimeni pweza wote wanaotoka kwenye mwamba ule: wangapi, uzito wa kila mmoja, watu wangapi walitoka, kwa saa ngapi. Fanyeni hivyo siku za kufungua, na tena mwezi mmoja baadaye. Pimeni pia mwamba mmoja usiofungwa, kwa sababu pweza wana misimu mizuri na mibaya, na bila mwamba wa kulinganisha mtaisifu kamati kwa kazi ya mvua au mtailaumu kwa mwaka mbaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Pemba: Asalaam alaykum mwalimu. Sie wanawake huku tunaambiwa tufunge miezi mitatu. Watoto watakula nini? Mwani bei yake imeanguka, na mume wangu baharini haendi tena, mgonjwa.

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Swali lako ndilo la kwanza ambalo kamati yenu inapaswa kulijibu, na kama hawana jibu, fungo lisianze. Daini mambo haya. Mwamba utakaofungwa usiwe ule pekee mnaoufikia kwa miguu. Lazima ubaki mwingine wa karibu nanyi. Kama hakuna mwingine, fungo liwe la sehemu ndogo tu ya mwamba huo. Pili, kama mna kikundi cha hisa, anzeni kuweka miezi kadhaa kabla ya kufunga, na kanuni ya mikopo iseme wazi kwamba miezi ya fungo wachokoaji wanatangulizwa na marejesho yanasubiri siku ya kufungua. Rodrigues, serikali ilipofunga uvuvi wa pweza kuanzia 2012, iliwalipa wavuvi kwa kazi nyingine wakati wa fungo. Sisi hatuna mfuko huo katika kijiji, lakini ushuru wa fungo lililopita unaweza kutengwa kwa ajili ya nyumba zenye wagonjwa kama yako. Liseme mkutanoni. Ukiona tabu kusimama, mtafute mwenzio mmoja mseme pamoja.

Swali, kutoka Kilwa: Kaka, sisi tulifunga, watu wa dago wakaja usiku na mitungi ya gesi, wakavua kila kitu. Tuliwafuata wakatuonyesha leseni. Tufanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu. Leseni inampa mtu haki ya kuvua, haimpi haki ya kuvunja sheria ndogo iliyoidhinishwa. Hivyo ulizeni kwanza: yenu imeidhinishwa na halmashauri ya wilaya, au imeishia kijijini? Ikiwa imeishia kijijini, mkono wenu ni mfupi. Na kuvua kwa mitungi ni kosa lenyewe chini ya kanuni za uvuvi, hilo lipelekeni kwa afisa uvuvi hata kama pasingekuwa na fungo. Msipambane nao majini usiku. Ninyi mna kasia, wao wana injini, na mtu anaweza kufa.

Kuna njia nyingine ambayo nimeiona ikifaa. Watu wa dago wana mkuu wao, na kwa kawaida wanapokuja kupiga kambi wanahitaji ruhusa ya kijiji, maji ya kisima na mahali pa kuanikia. Hapo ndipo pa kuwashika. Kanuni za fungo wasomewe siku wanayoomba kupiga dago, mkuu wao atie sahihi, na mwakilishi wao akaribishwe kwenye kamati. Mgeni aliyetia sahihi huwakemea wenzake vizuri kuliko sisi.

Swali, kutoka Lamu: Mwenyekiti wetu amemuahidi mnunuzi mmoja pweza wote wa siku ya kufungua, na tunasikia amepokea kitu. Tunaogopa kusema, ni mtu mzima na tunamheshimu.

Jibu: Heshima yake ibaki, na hesabu ziletwe. Hayo mawili hayagombani. Msianze kwa kumshtaki. Ombeni kikao kiwe na ajenda moja tu: wanunuzi na bei ya siku ya kufungua. Waalikeni wanunuzi wawili watatu waje wenyewe kutaja bei mbele ya watu. Kama kuna mkataba, utajitokeza hapo. Katiba ya BMU yenu ina utaratibu wa mkutano mkuu na wa uchaguzi. Isomeni kabla ya kwenda, mjue idadi ya wanachama wanaoweza kuitisha mkutano. Ofisi ya uvuvi ya kaunti iwe mgeni wenu, ikae tu na kusikiliza.

Swali, kutoka Mtwara: Wazee wetu wanasema pweza anahama, ukimfungia huku atakwenda zake kule. Ni kweli?

Jibu: Pweza hubadilisha mashimo, na huenda akahama siku chache baada ya kukaa, lakini safari zake ni za eneo dogo la mwamba wake. Hatoki mwamba mmoja akavuka mlango wa maji wenye kina kwenda mwingine kwa sababu tu umeufunga. Anayesafiri mbali ni yule mtoto anayeelea na mkondo. Kwa hiyo mwamba wenye mipaka ya asili, uliozungukwa na mchanga au kina, ni mzuri kufunga kuliko kipande kilichokatwa katikati ya mwamba mrefu. Hapo wazee wana haki: kwenye kipande cha namna hiyo pweza wa mpakani watatoka na kuingia.

Swali, kutoka Tanga: Kwa nini tusifunge moja kwa moja, milele? Si ndiyo hifadhi ya kweli?

Jibu: Ni chombo kingine kwa kazi nyingine. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga eneo lao mwaka 2005 wakalifunga kabisa, na matumbawe na samaki wake wamerudi kwa namna inayowavutia watu kwenda kujifunza. Samaki kama changu na kangaja wanaishi miaka mingi na kuzaa zaidi wakiwa wakubwa, hivyo eneo la kudumu linawafaa. Pweza hafaidiki hivyo kwa sababu haishi miaka mingi. Vijiji vingine huanza na fungo la pweza, wanaona faida ndani ya miezi mitatu, wanaaminiana, ndipo wanakubali kutenga kipande cha kudumu. Napenda mpangilio huo. Mkianza na la kudumu, watu wanaombwa kuacha leo kwa faida ya miaka ijayo, na wengi hawana akiba ya kusubiria.

Swali, kutoka Mafia: Shikamoo. Faini tulizokusanya ziko kwa mweka hazina, kiasi si kidogo. Zitumike wapi?

Jibu: Marahaba. Kwanza zitoke mfukoni au nyumbani kwa mweka hazina, ziende benki au kwenye akaunti ya simu yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mwanamke mchokoaji. Matumizi yapitishwe na mkutano. Kipaumbele changu: mafuta ya doria za bamvua, maboya yaliyopotea, kisha posho ndogo kwa wanaokesha maji ya usiku. Kikibaki kitu, mnunue mizani yenu wenyewe.

Swali, kutoka Bagamoyo: Mwamba wetu umepigwa baruti miaka mingi, ni kifusi kitupu. Tukifunga miezi mitatu pweza watarudi?

Jibu: Pweza anahitaji mashimo ya kukaa na kaa wa kula, na kifusi kinachosogezwa na mawimbi hakimpi vyote hivyo vya kutosha. Miezi mitatu haitarudisha matumbawe yaliyovunjika. Hayo yanahitaji miaka mingi ya utulivu. Kama mna mwamba mwingine wenye mashimo hai, hata mdogo, fungeni huo kwanza. Ule wa kifusi uacheni upumzike bila kuukanyaga, na hakikisheni baruti imekoma, kwa kuwa mlipuko mmoja utafuta kazi ya msimu mzima. Tembeeni juu yake bamvua ijayo na mhesabu mashimo yenye makombe mabichi mlangoni. Mkipata machache tu, mnajua jibu. Mkipata mengi kuliko mlivyodhani, leteni hesabu hiyo hapa tuipange pamoja.